Mionzi Iliyotembea Makina

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupima mionzi siku hizi mnakuta kila kitu kimewashwa. Unakaa, unabonyeza, kompyuta inakuambia hewa ya jiji ikoje. Siwaonei wivu hata kidogo. Nawahurumia, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupanda juu ya bati la mtu kule Makina, Kibera, akiwa na ndoo ya kukingia mvua, huku mwenye nyumba amesimama chini akiuliza kama serikali sasa imeanza kuchukua hata maji ya Mungu.

Jina langu ni Mwikali. Nilizaliwa Machakos, nikaja Nairobi kufanya kazi maabara, nikapanga nyumba Kabiro, Kawangware, na kazi hii sikuiacha mpaka nilipostaafu. Miaka ya tisini, ambayo ndiyo nataka kuwasimulia, tulikuwa watu wachache tukilinda jambo kubwa. Ule mtambo wa nyuklia uliolipuka Ukraine ulikuwa umeufundisha ulimwengu mzima kwamba vumbi lenye mionzi haliulizi mpaka uko wapi. Mabomu ya majaribio yalikuwa bado yanalipuliwa huko mbali. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba vumbi hilo likituangukia na sisi, tutajua kabla watoto hawajalinywa kwenye maziwa.

Basi tulikusanya. Maji ya mvua, udongo, sukuma wiki, maziwa ya ng'ombe wa Kawangware, maziwa ya unga ya Soko la Toi, maji ya mitaro. Tulikuwa na kituo Kibera na kingine Kawangware. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Okoth, fundi aliyekuwa ananifundisha, kwa nini tusiweke vituo kwenye mitaa yenye nyua kubwa, ambako hakuna mtu angeigusa ndoo yetu.

"Dada, huko wanakunywa maji ya chupa," akasema. "Hapa watu ni wengi na wanakula kinachopatikana karibu. Kitu kikianguka, hawa ndio kitawapata kwanza. Unapima penye watu."

Okoth alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mpole, aliyeishi Kibera miaka mingi kuliko nilivyoishi mimi duniani, au ndivyo alivyopenda kudai. Ualimu wake ulikuwa wa kukuacha uaibike kwanza, halafu ndipo akufundishe. Masika yangu ya kwanza alinipa tishu akaniambia nipanguse boneti ya gari letu mvua ilipokatika tu. Nikapangusa. Nikaisogeza tishu kwenye kaunta, kile kifaa cha mkononi kinacholia tik-tik. Kaunta ikalia kama mahindi yanayokaangwa bila mfuniko.

"Sasa utampigia nani simu?" akaniuliza.

Nikamtajia mkurugenzi, wizara, redio ya taifa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kabla ya hao wote, tunywe chai."

Tulipomaliza chai, ile tishu ilikuwa imepoa karibu nusu. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa tishu tu. Ndipo akanieleza kwamba ardhi yenyewe hutoa gesi yenye mionzi tangu dunia iumbwe, na mvua huosha mabaki yake hewani, nayo huishiwa nguvu haraka. Mpaka leo nawaambia vijana: kitu kikikushtua, kipime, kunywa chai, kipime tena. Ni wachache wanaonisikia, na hao wengine wamewahi kuamsha mawaziri bure.

Siku nyingine pale Toi kaunta iliruka mbele ya muuza mitumba. Yule bwana alipoona uso wangu akaanza kurudisha makoti ndani ya mzigo, akiapa kwamba yeye hakujua yametoka wapi. Nikapima koti moja moja, yote safi. Kumbe jirani yake alikuwa anauza taa za karabai, na ule utambi wake mweupe, kile kijifuko cha nyuzi kinachowaka, siku hizo kilikuwa kinatengenezwa kwa madini yenye mionzi kidogo. Okoth alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa amesimama pembeni anakula mahindi.

Lakini nilichokaa chini kuwasimulia ni kile kilichotupata kiangazi kimoja, wakati mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma mengi.

Asubuhi hiyo nilifika maabara nikakuta mtambo mkubwa umemaliza kupima sampuli za mitaro, ambazo mimi na Okoth tulizichota jana yake. Mtambo ule ulichora mstari kwenye skrini, na kila kitu chenye mionzi kiliinua mlima wake mahali pake, kama vile kila mtu anavyokaa kwenye kiti chake kanisani. Milima ya kawaida nilikuwa naijua hata macho yangu yote mawili yakiwa yamefumbwa nusu. Kwenye maji ya mtaro wa Makina kulikuwa na mlima mahali ambapo sijawahi kuuona ila vitabuni.

Nikamwita Okoth. Akaja, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Hiyo ni iodini," akasema.

Ngoja niwaeleze kwa nini sauti yake ilikuwa ya chini hivyo. Iodini yenye mionzi haiishi mpaka uzee. Kila siku nane nusu yake inatoweka, na baada ya miezi michache huikuti tena. Ukiiona, imezaliwa juzi. Na huzaliwa ndani ya mtambo wa nyuklia au ndani ya bomu. Ikianguka kwenye majani, ng'ombe anaila, inaingia kwenye maziwa, mtoto anakunywa, nayo inakwenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingoni mwake na kukaa pale. Hiyo ndiyo iliyowaumiza watoto wa kule Ukraine.

"Tunywe chai?" nikauliza.

"Tunywe," akasema, akaenda kuchemsha maji.

Tulipopima tena mlima ulikuwa palepale.

Mkuu wetu, Daktari Wafula, alikuwa mtu asiyependa kelele. Tulimweleza, akafunga mlango. Akatuuliza maswali yale yale ambayo tulikuwa tumeshajiuliza, kisha akakaa akiangalia dirishani.

"Redio za nje hazijatangaza ajali yoyote," akasema. "Lakini hata ile ya Ukraine ilifichwa mwanzoni. Nikisema maziwa ya Nairobi yasimamishwe, na iwe si kweli, nitakuwa nimewanyima watoto maziwa na hakuna atakayetuamini tena. Nikinyamaza, na iwe kweli, ni shingo za watoto hao hao. Nipeni kitu cha kusimamia kabla ya saa kumi jioni."

Okoth akasema, "Inaweza kuwa ya hospitali. Hutumia iodini kutibu."

"Makina kuna hospitali ya kiwango hicho?"

"Hakuna."

"Basi anzeni na anga," akasema Daktari Wafula.

Nawaambia ukweli, niliogopa, lakini chini ya woga ule kulikuwa na furaha ambayo hata sijui kama ni halali kuitaja. Miaka yote ile nilikuwa nabeba ndoo za maji yasiyo na kitu. Sasa kulikuwa na kitu, na mimi ndiye nilikuwa nimekiona.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Kama iodini imetoka angani, haiwezi kuangukia Makina ikaiacha Kawangware, kwa kuwa si mbali. Nikaenda Kawangware na gari mbio. Nikachota mtaro, nikavunja sukuma kwenye shamba la nyuma ya nyumba za kupanga pale Kabiro, nikanunua maziwa kwa mama niliyezoea kununua kwake, yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Okoth naye akabadilisha kichujio cha hewa juu ya paa la kituo cha Kibera. Tukarudi maabara tukasimama mbele ya skrini kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wao.

Maziwa, safi. Sukuma, safi. Hewa ya Kibera, safi. Mtaro wa Kawangware, ni uchafu wa kawaida ambao pua yako tu ingekuambia. Tena Daktari Wafula aliona kitu ambacho sisi kwa haraka zetu tulikipita: ule mlima wa Makina ulikuwa peke yake. Mtambo wa nyuklia ukilipuka, iodini huja na ndugu zake wengi, vitu vingine vyenye mionzi. Hii ilikuja yatima.

"Haijatoka juu," akasema. "Iko pale Makina. Ni kitu ama ni mtu. Kama ni kitu, kuna mahali kimefunguliwa, na watoto wanaweza kuwa wanakichezea. Kitafuteni."

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna ufundi. Ukiingia mtaani na kaunta mkononi inalia, baada ya nyumba tatu una umati nyuma yako, na baada ya nyumba tano kuna mtu anahamisha watoto. Mimi niliiweka kaunta ndani ya kiondo changu cha mkonge, nikaifunika kwa leso, nikaweka kifaa cha kusikilizia sikioni. Okoth alitembea mbele na chupa za sampuli, kama siku zote. Tukaanza chini, mahali tulipochota, tukaupandisha mtaro.

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea kibanda cha kuuza simenti akaniona na waya sikioni.

"Niaje, mathe. Unaskiza ngoma gani?"

"Injili," nikamwambia.

"Poa. Ongeza volume na sisi tubarikiwe."

Sikuongeza. Sikioni mwangu tik zilikuwa zinaanza kukaribiana. Tulipita msikiti, tukapita duka la mkaa. Mtaro ulipogawanyika, upande wa kushoto ulinyamaza, wa kulia ukaongea. Tukafuata wa kulia mpaka kwenye bafu la mabati ambalo maji yake yalitoka chini ya ukuta na kuingia mtaroni. Hapo kaunta ilikuwa inalia sawasawa. Kumbe hata bafu lilikuwa ni njia tu. Nilipopiga hatua chache kuelekea safu ya vyumba vya udongo nyuma yake, sauti ilipanda mpaka nikashtuka.

Nikasimama. Na nikiwa nimesimama, sauti ikashuka.

Ikashuka kabisa, halafu ikapanda tena.

"Okoth," nikasema kwa sauti ya chini, "mimi sijasogea."

Akaniangalia, akaiangalia miguu yangu, akaangalia ile safu ya milango.

"Basi kinasogea chenyewe," akasema.

Mlango mmoja ukafunguliwa. Akatoka mwanamke wa makamo, mwembamba, amejitanda mtandio wa kijani, na beseni la nguo mkononi. Alipotupita sikio langu lilijaa tik. Ilibidi nichomoe ule waya. Akatusalimu, akaenda mpaka kwenye kamba ya kuanikia, akaanza kuanika nguo ndogo ndogo za mtoto mchanga.

Okoth alikuwa anaangalia pale mtandio ulipoinuka kidogo shingoni.

"Goita," akasema. "Ni hospitali, dada. Huyu ametibiwa. Nenda wewe, mimi nitabaki hapa."

Nilimwendea nikamsaidia kuanika. Sikujua nianzie wapi. Mwishowe nikasema, "Mama, samahani, mimi ni mgeni wako. Ulikwenda hospitali juzi kwa ajili ya shingo?"

Mikono yake ikasimama.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Kazi yangu ni kupima dawa kama hiyo uliyopewa. Kifaa changu kimeisikia." Nikafunua leso nikamwonyesha. Sindano ya kaunta ilikuwa imelalia mwisho.

Akaangalia pande zote kama kuna mtu ametusikia. Kisha akanivuta nyuma ya kamba ya nguo, tukakaa juu ya mawe, yeye huku, mimi kule, nami nikamwomba tusikaribiane sana.

Jina lake lilikuwa Mama Zamzam. Kwa miaka moyo wake ulikuwa unakwenda mbio hata akiwa amelala, mikono ikimtetemeka mpaka akishika sindano ya kushonea anajichoma. Hospitali wakamwambia tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Wakampeleka chumba kimoja, wakatoa dawa ndani ya kichupa cha chuma kizito, akameza, na waliompa wakasimama mbali.

"Waliniambia nikae mbali na watoto," akasema. "Nisimshike mtoto, nisilale na mtu. Majuma kadhaa. Waliniuliza, utaweza? Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Dawa nimeingoja tangu lini."

"Na nyumbani ni watu wangapi?"

Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Chumba ni hicho kimoja. Mwanangu Halima amejifungua juzi. Mtoto wake wa kwanza."

Nikageuka kuuangalia mlango ule.

"Sijamshika," akasema haraka. "Wallahi sijamgusa. Nalala mlangoni, kutwa niko hapa nje nafua hata nguo zilizo safi. Na Halima haelewi. Jana ameniambia, mama, humtaki mtoto wangu kwa sababu ni msichana. Nimemjibu nimechoka."

"Kwa nini usimwambie?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga mwenye moyo mzuri. Mnafaa kuielewa miaka ile. Mtu akikonda na kuonekana hospitali mara kwa mara, majirani walikuwa na jina la ugonjwa wake tayari, na jina lilikuwa moja. Sasa huyu aanze kusema kwamba ana sumu mwilini isiyofaa kukaribiwa na mtoto. Nani angenunua tena mandazi aliyouza kujipatia riziki?

Nikamwambia kwamba alichomeza ni dawa, kwamba inatoka kwa mkojo na jasho na kwisha yenyewe siku baada ya siku, na kwamba alivyojitenga amefanya vizuri kuliko watu wengi wenye nyumba kubwa. Halafu nikamwomba ruhusa nimpime mtoto.

Hapo tena kuna ufundi. Huwezi kumpima mtoto bibi yake akiwa karibu, kwa sababu kaunta itamsikia yeye tu. Ilibidi Mama Zamzam aende mpaka kule barabarani. Okoth akamsindikiza, akitembea upande wa pili wa njia, wakiongea kwa sauti kubwa juu ya bei ya unga kama watu wa kawaida. Nikapiga hodi, nikaingia.

Halima alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu. Nilimwambia nimetumwa na mama yake, na kwamba ana jambo la kumweleza yeye mwenyewe, lakini kwanza nataka kusikiliza shingo ya mtoto. Akanipa kwa wasiwasi. Nilisogeza kaunta kwenye kile kishingo, ambacho hakikuzidi sana kifundo cha mkono wangu, nikaacha kupumua.

Tik. Kimya. Tik. Tik. Kimya.

Ni ile ya kawaida, ile ambayo ardhi inampa kila mtu. Nilipima mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa furaha tu.

Mama Zamzam akarudi, akasimama mlangoni, akamweleza mwanawe kila kitu. Halima akainua uso.

"Kwa hivyo ni dawa ndiyo inakukataza?"

"Ni dawa."

"Mama, si ungeniambia."

"Ungepata usingizi?"

Halima akafuta machozi kwa nguo ya mtoto.

Mama Zamzam alikuwa na dada mkubwa palepale Makina, mjane mwenye vyumba viwili, ambaye wanawe walikuwa wameshaoa na kuhama. Tatizo lilikuwa maswali ambayo dada huyo angeuliza. Nikaenda kwake pamoja na Mama Zamzam. Nikamwambia mjane yule kwamba mdogo wake ametibiwa na daktari amesema apumzike chumba cha peke yake, mbali na mtoto mchanga. Nilikuwa nimetoa koti jeupe la maabara kiondoni nikalivaa, na koti jeupe miaka ile lilijibu maswali mengi. Kabla hatujaondoka alikuwa ameshatandika kitanda.

Tulipokuwa tunatoka, yule kijana wa kibanda alikuwa na wenzake.

"Mathe, mmepata nini huko ndani?"

"Tumepima mtaro," akasema Okoth. "Ni mchafu."

"Hiyo hata mimi ningewashow bila redio."

Tulicheka mpaka kwenye gari, na ndani ya gari tukacheka zaidi, kicheko cha watu ambao walikuwa wamebeba jiji zima mgongoni tangu asubuhi. Saa kumi ilikuwa haijafika. Daktari Wafula alitusikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kiti kwa uzito, akashika simu, akaongea na hospitali bila kutaja jina la mtu. Maziwa ya Nairobi yalinywewa jioni hiyo kama jioni nyingine yoyote, na hakuna aliyejua.

Jambo moja lilibadilika, na hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote niliyopima. Hospitali ile ilianza kumuuliza mgonjwa vyumba vyake ni vingapi, badala ya kumuuliza kama ataweza. Asiye na pa kujitenga alitafutiwa kitanda mpaka dawa ipungue. Daktari mmoja wa pale aliniambia hakuwahi kufikiri kuuliza. Alisema hivyo bila kuzunguka, nami nikamheshimu.

Kwa hiyo ninyi vijana, siku mlima usioujua ukiinuka kwenye skrini yako, furahi. Usione haya kufurahi, ndiyo sababu uko pale. Kisha vaa viatu vinavyoweza kukanyaga matope uende ukaone ni nani, maana skrini itakuambia ni iodini na itaishia hapo.

Nilirudi Makina majuma kadhaa baadaye. Nilimkuta Mama Zamzam kwa dada yake, amenenepa kidogo, ananyoosha mkono mbele ya uso wangu nione usivyotetemeka. Nikampima. Tulikuwa tumeelewana na hospitali kiwango cha mionzi ambacho akikishukia anaweza kurudi nyumbani, na alikuwa ameshuka chini yake. Tukatembea pamoja mpaka kwake. Halima alikuwa mlangoni anatungoja, mtoto begani. Aliniangalia mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. Mama Zamzam alimfunua uso, akamnusa kichwani, akahesabu vidole vya mguu mmoja, akahamia wa pili. Chai ikaletwa, ikapoa. Mtoto akaanza kulia, na Halima akanyoosha mikono akasema mtoto anataka kunyonya.

"Ngoja kidogo," Mama Zamzam akasema, akageuka upande wa ukuta naye. "Ngoja kidogo."